Uungwana ni Vitendo: Historia katika Darasa la Watoto

Somo la historia katika skuli za msingi za Tanzania Bara limekuwa kama mgeni asiyejua chumba chake. Upo wakati lilikuwa na kitabu chake na kipindi chake. Upo wakati lilichanganywa na jiografia na uraia, likaitwa Maarifa ya Jamii. Na kuanzia mwaka 2024 limerudi madarasani kwa jina jipya, Historia ya Tanzania na Maadili. Jina hilo lastahili kutazamwa kwa makini. Limeunganisha vitu viwili kwa herufi mbili tu: historia, yaani yaliyotendeka, na maadili, yaani yanayopasa kutendwa. Dhana iliyomo ni kuwa la kwanza litamfunza mtoto la pili. Lakini je, ikiwa yaliyotendeka yalikuwa kinyume cha yapasayo, na waliotenda na waliotendewa wote ni jamaa za watoto waliokaa darasani, mwalimu afanyeje?

Swali hilo lipo pwani nzima, toka Lamu hadi Mikindani, na visiwani pia. Hata hivyo si vyema kulijibu likiwa linaelea hewani. Lipelekwe mahali, na mahali penyewe pawe Rutamba.

Rutamba iko katika Mkoa wa Lindi, magharibi ya mji wa Lindi, jirani na ziwa lenye jina hilo hilo na msitu wa Litipo. Si Kilwa Kisiwani. Mwalimu wa Kilwa anaweza kuwaonyesha wanafunzi msikiti mkongwe na jumba la Husuni Kubwa, akawaambia kuwa Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331, na kwamba tangu mwaka 1981 magofu hayo yamo katika orodha ya urithi wa dunia. Mtoto akitoka hapo, kifua kimempanda. Mwalimu wa Rutamba hana jumba la kuonyesha. Alicho nacho ni ardhi yenyewe na watu walioipita. Katika nchi hii ya nyuma ya Lindi na Kilwa zilipita njia za misafara kutoka pande za Ziwa Nyasa na ng'ambo ya Mto Ruvuma. Iliwaka hapa Vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Vilima vya Tendaguru, vilivyofukuliwa mifupa ya mijusi mikubwa ya kale, havipo mbali. Na katikati ya miaka ya 1960 Rutamba yenyewe ilikuwa makazi ya wakimbizi wa Msumbiji. Hakuna katika mambo hayo hata moja lisilokuwa na machungu ndani yake.

Yaliyo mazito kuliko yote ni yale ya misafara. Katika miaka ya 1860 watu waliosafirishwa kutoka Kilwa wakiwa bidhaa walikaribia 20,000 kwa mwaka, wengi wao wakipelekwa Unguja. Mkataba wa Juni 1873 ulifunga masoko ya watumwa na kukataza kuwasafirisha kwa bahari, na mwaka 1876 Sayyid Barghash akapiga marufuku misafara ya nchi kavu. Biashara ilikatazwa, utumwa haukukatazwa. Wajerumani walipotawala hawakuufuta, ila waliamuru kuwa mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Disemba 1905 awe huru. Ulifutwa kwa sheria chini ya Waingereza, mwaka 1922. Yaani bibi aliyefariki Lindi mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka themanini, huenda alizaliwa akiwa mali ya mtu. Mjukuu wake yu hai. Kitukuu chake ndiye anayebeba daftari kwenda skuli.

Na katika dawati moja na kitukuu huyo amekaa mtoto wa mtu mwingine. Nchi ya Lindi ina Wamwera, Wamakonde, Wayao, Wamakua, Wangindo na wengine, na hakuna kabila hata moja katika hayo lililokuwa la wauzwaji watupu au la wauzaji watupu. Waliotekwa walitoka humo, na waliowateka, waliowaongoza njiani, waliowalisha na waliowapangia bei, wengine walitoka humo humo. Basi inawezekana kabisa kuwa watoto wawili wanaoazimana penseli, mmoja ni damu ya aliyeuzwa na mwenziwe ni damu ya aliyeuza. Wao hawajui. Je, waambiwe?

Wapo wanaosema wasiambiwe, na hoja yao isidharauliwe. Katika maadili ya pwani kuna neno sitara. Aibu ya mtu hufunikwa, na anayeifunua ndiye mwenye aibu. Walioachiwa huru hawakutembea na vyeti shingoni. Walihamia vijiji vingine, wakachukua majina mapya, wakaoa na kuolewa, wakaswali safu moja na mabwana zao wa zamani, wakalima shamba moja. Na uhuru ulipokuja mwaka 1961 wakaitwa ndugu kama wengine wote. Usahaulifu huo haukuwa ujinga, bali kazi waliyoifanya wazee kwa makusudi na kwa subira, ili wajukuu wao wasiulizwe swali walilokuwa wakiulizwa wao. Anakuja sasa mwalimu kijana, na chaki mkononi, kuivunja kazi hiyo kwa dakika arubaini. Kwa haki gani?

Hoja hii ina nguvu, na ingetosha lau lugha ingekubali kunyamaza. Haikubali. Mtoto wa Rutamba hajafika darasa la nne ila ameshasikia kuwa fulani hana uungwana. Ameshasikia mtu akiitwa mshenzi. Ameshaambiwa asimtume mwenziwe kama mtumwa. Muungwana, kabla ya kuwa mtu mwenye adabu, alikuwa mtu asiyemilikiwa. Mshenzi, kabla ya kuwa mtu asiye na adabu, alikuwa mtu wa bara, yaani yule anayeweza kukamatwa. Mjoli alikuwa mtumwa mwenza chini ya bwana mmoja, na mzalia alikuwa mtoto aliyezaliwa utumwani hapa hapa pwani. Mizani yote ya heshima na dharau katika Kiswahili imetengenezwa katika nyumba iliyokuwa na mabwana na watumwa, na mtoto huipokea mizani hiyo pamoja na maziwa ya mama.

Ichukuliwe methali moja tu, ile inayopendwa sana skulini pindi utamaduni unapozungumzwa: mwacha asili ni mtumwa. Mwalimu huiandika ubaoni kwa nia njema. Lakini mtoto ambaye bibi yake aliletwa na msafara, akapokonywa lugha yake, jina lake na mizimu ya kwao, asili aliiacha yeye au aliachishwa? Methali inamwambia kuwa mtumwa ni mtu aliyefanya kosa. Hakuna somo la historia lililofundishwa siku hiyo, na hata hivyo historia imefundishwa, tena imefundishwa vibaya. Nyumba yenye sitara ni ile ambayo hata kuta zake hazisemi. Hapa kuta zasema kutwa.

Kwa hiyo kunyamaza hakumwachi mtoto salama. Humwacha na neno bila maelezo yake. Lakini je, dawa ni kusema yote? Wapo pia wanaoshikilia hivyo: ukweli ni ukweli, na mtoto si yai. Wanasahau kuwa darasa si baraza la wazee wala chumba cha hakimu. Watoto wa miaka tisa hufanya silaha kwa chochote wanachokipata. Wakijua nani ni wa wapi, kabla ya kengele ya mapumziko kutakuwa na jina la utani, na jina la utani la skuli ya msingi huweza kumfuata mtu hadi kaburini. Mwalimu aliyesema kweli kwa namna hiyo hakuponya kitu. Aliurudisha utumwa uwanjani, akawapa watoto wauendeleze.

Ipo njia ya tatu, nayo ndiyo nyepesi kuliko zote na ndiyo iliyozoeleka: kusimulia kana kwamba ubaya wote ulishuka kutoka kwenye jahazi. Walikuja wageni, wakawakamata wenyeji, wakaondoka nao. Wageni walikuja kweli, wakanunua, na faida kubwa ilikwenda kwao, hilo lisifichwe. Lakini msafara wa siku nyingi kutoka Nyasa haukuongozwa na watu wasiojua njia. Mtoto anayefundishwa kuwa ubaya daima huja na merikebu hujifunza mambo mawili yenye madhara. La kwanza ni kumtazama jirani mwenye nywele laini kama mrithi wa dhambi, na chuki inayofundishwa darasani haibaki darasani. Visiwa na pwani vimekwisha kuonja matunda yake. La pili ni kutojichunga mwenyewe. Aaminiye kuwa watu wake hawajapata kutenda dhuluma hatakuwa na macho ya kuiona siku watakapoitenda.

Mtihani wa njia hizi zote ni mtu mmoja, Machemba. Huyu alikuwa mkuu wa Wayao katika uwanda wa juu wa Makonde. Mwaka 1890 alipotakiwa na Hermann von Wissmann aende pwani kutii, alimjibu kwa barua ya Kiswahili kuwa haoni sababu ya kumtii, na kwamba afadhali afe. Alipigana na Wajerumani kwa miaka, hata mwaka 1899 akavuka kwenda Msumbiji. Barua yake ni miongoni mwa maneno ya fahari kabisa yaliyoandikwa kwa lugha hii dhidi ya ukoloni, na vitabu vya skuli humtaja kwa haki miongoni mwa mashujaa. Lakini Machemba huyo huyo alikuwa mfanyabiashara wa misafara, na katika bidhaa zake walikuwamo watu. Aliyekataa kuwa chini ya mtu mwingine aliwaweka watu wengine chini yake.

Mwalimu afanye nini na Machemba? Akimfuta, amewanyima watoto shujaa wa nchi yao. Akimsafisha, amewapa sanamu. Akimtukana, amekuwa wakili wa Wissmann bila ya malipo. Hapana njia ila kumweka mbele ya watoto akiwa mzima, na kuwaachia swali ambalo hata mtoto wa miaka kumi analielewa, maana analiona kila siku nyumbani na uwanjani: inawezekanaje mtu apende uhuru wake sana, asiuone wa mwenziwe? Mtoto hahitaji kujibu. Akilibeba swali hilo kwa maisha yake yote, somo limefaulu. Na hapo ndipo lile neno "na", lililounganisha historia na maadili, linapopata kazi yake.

Kutokana na hayo inajitokeza kanuni moja inayoweza kumwongoza mwalimu: tendo litajwe, ukoo usitajwe. Watoto waelezwe kuwa watu waliuzwa. Kwamba njia zilipita hapa. Kwamba wauzaji walikuwamo wageni na wenyeji. Kwamba sheria iliuacha utumwa uendelee mpaka 1922. Hakuna lazima ya kusema nani katika kijiji ni mjukuu wa nani. Aliyekuwa mtu wa hadhara, aliyetawala, aliyetia saini mikataba au aliyeongoza misafara mikubwa, kama Sayyid Barghash, kama Machemba, kama Hamed bin Muhammed aliyeitwa Tippu Tip, atajwe kwa jina, maana alitenda hadharani na historia imekwisha mwandika. Ama bibi wa kijijini, huyo sitara yake ni amana. Kama familia yenyewe ikitaka kusimulia, milango iwe wazi, lakini si mwalimu wa kuigonga.

Kanuni hii itapingwa. Itasemwa kuwa tendo lisilo na mtendaji ni ngano, na kwamba kuficha koo ni kuwalinda wenye hatia. Jibu ni kuwa hatia hairithiwi kama shamba la minazi. Anayerithiwa mali iliyopatikana kwa dhuluma ana la kuulizwa juu ya mali hiyo, na hilo ni suala la watu wazima na la sheria. Lakini mtoto wa darasa la nne, asiyerithi ila sura na jina, hana deni. Kumtwisha deni la babu wa babu yake ni kufanya kile kile walichofanya mabwana: kumhukumu mtu kwa tumbo alilotoka.

Kanuni ya pili yahusu kipimo. Mtoto hawezi kupewa yote, na kila anayefundisha hupunguza. Lakini kupunguza ni jambo moja na kupotosha ni jingine. Fundi anayejenga chumba kimoja leo, akijua kuwa vingine vitafuata, huchimba msingi unaoweza kuendelezwa. Mdanganyifu hujenga kitu kitakachobomolewa. Mwalimu ajiulize: hiki ninachomwambia mtoto wa miaka tisa, je, atakapofika miaka kumi na sita kitaongezewa au kitakanushwa? Kikiwa cha kuongezewa, kimepunguzwa. Kikiwa cha kukanushwa, kimepotoshwa. Na mtoto aliyelazimika kukanusha alichofundishwa huacha kumwamini si mwalimu huyo pekee, bali kitabu na kila mwenye kusimulia.

Vita ya Maji Maji ni uwanja mzuri wa kuijaribu kanuni hii. Kila mwaka mwalimu husimulia kuwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, kwamba risasi za Mjerumani zitageuka maji. Na kila mwaka, bila shaka, mtoto mmoja huinua mkono: je, aliwadanganya? Kujibu "ndiyo" ni kuwafanya wazee wa Umatumbi, Ungindo na Umwera wajinga. Kujibu "hapana" ni kumwacha mtoto na risasi zisizoeleweka. Jibu lisilohitaji kukanushwa baadaye ni hili: aliamini, nao waliamini, kwa sababu walikuwa wamechoka kulimishwa pamba kwa nguvu, na kwa sababu imani hiyo iliwawezesha watu wa makabila mengi kusimama pamoja. Risasi hazikugeuka. Kinjikitile alinyongwa mwanzoni mwa Agosti 1905, vita ikaendelea bila yeye, na Wajerumani walipochoma ghala na mashamba njaa iliua wengi kuliko bunduki. Hesabu za waliokufa zinatofautiana toka 75,000 hadi 300,000.

Wapenzi wa ushairi wanajua kuwa fasihi ililitambua suala hili mapema kuliko skuli. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliitungia vita hiyo utenzi, uliochapishwa mwaka 1957. Na huo ni utenzi wa mtu wa mji wa pwani, ilhali moto wenyewe uliwaka zaidi mashambani. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyotoka 1969, alionya kuwa mhusika wake ni mtu wa sanaa, si picha ya yule wa historia. Mmoja alisimulia kutoka upande mmoja, mwingine akatangaza kuwa anabuni. Mtoto anaweza kabisa kufundishwa kuuliza: anayesema haya alikuwa amesimama wapi?

Sitara isigeuke kuwa kufuta. Yapo majina yaliyonyamaziwa kwa heshima, na yapo yaliyonyamaziwa kwa dharau. Haya ya pili yanadai kurudishwa. Kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya vita na njaa, mamia ya watu wa nchi ya Lindi walichimba Tendaguru, na zaidi ya tani 200 za mifupa zikabebwa na wapagazi hadi bandarini Lindi, zikapelekwa Berlin. Huko, tangu 1937, mmoja wa mijusi hao amesimamishwa, urefu wake ukipita mita 13, na wageni wa dunia nzima huenda kumstaajabia. Kwa miaka mingi waliotajwa walikuwa wataalamu, Werner Janensch na Edwin Hennig. Lakini mkuu wa wachimbaji, aliyekuwa na jicho la kuuona mfupa ndani ya mwamba na mkono wa kuutoa bila kuuvunja, alikuwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 mjusi mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kisayansi lenye jina la Boheti ndani yake. Mtoto wa Rutamba asiyejua hilo amedhulumiwa, na dhuluma hiyo haihitaji fedha kuiondoa. Yatosha mwalimu kulitamka jina hilo.

Limebaki jambo la mwisho, lililo karibu zaidi. Vita ya ukombozi wa Msumbiji ilianza Septemba 1964, na watu wakavuka Ruvuma kwa maelfu. Rutamba ikawa miongoni mwa mahali pa mwanzo walipopewa ardhi ya kujenga na kulima. Baada ya uhuru wa nchi yao, tarehe 25 Juni 1975, wengi walirejea. Hivyo nchi hii ya Lindi imewaona watu wa ng'ambo ya Ruvuma wakija mara mbili. Mara ya kwanza walikuja wamefungwa, wakapitishwa kwenda kuuzwa. Mara ya pili walikuja wakikimbia, wakaambiwa karibuni. Karne moja haikupita kati ya mara hizo mbili, na nchi ni ile ile.

Tendo la pili halilifuti la kwanza, na mwalimu asiwaambie watoto kuwa linafuta. Lakini likiwekwa ubavuni mwake, huwaonyesha kuwa watu wa nchi moja waliweza kutenda hili na wakaweza kutenda lile, na kwamba hakuna damu iliyowalazimisha. Wazee walikwisha kulisema hilo kwa methali nyingine, iliyo jibu la ile ya kwanza: muungwana ni vitendo. Walioitamka mbele ya mabwana walikuwa wakilinyakua neno lililotumika kuwatenga, wakalitoa katika nasaba na kulitia katika mwendo wa mtu. Methali hiyo nayo iandikwe ubaoni, chini ya ile ya mwacha asili, na watoto waulizwe ipi kati ya hizo mbili ilitungwa na aliyewahi kumilikiwa.